Sheria ya kufilisika haikuombwa na wakopaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji wa Mbale ambaye wiki iliyopita aliandika kwamba serikali iache kulipa mishahara ya "watu wanaohesabu madeni ya marehemu". Hakutaja jina la mtu. Lakini Uganda nzima sisi tuliokula mshahara wa chuo kikuu kwa kusoma kesi za wafanyabiashara waliofilisika enzi za mkoloni hatujazi hata kiti cha nyuma cha teksi, kwa hiyo ujumbe umenifika. Sheria ya kufilisika akaiita mlango wa nyuma wa wakopaji wasiotaka kulipa, akamalizia kwa methali: dawa ya deni ni kulipa. Basi, mjadala umefungwa, na wahadhiri wa historia waende wakalime.

Kulima ninalima. Tangu nistaafu nina mihogo na mahindi hapa Tororo, na msimu huu mahindi yamekubali. Ila msomaji huyu amegusa kazi niliyoifanya maisha yangu yote ya utu uzima, na ameigusa bila kujua ni kazi gani, kwa hiyo nitaomba univumilie nikiandika kwa kirefu.

Zamani mtu alipofilisika, mahakama ilitoa amri, na amri ikatangazwa katika Gazeti la Serikali: jina, anwani, kazi yake, mahakama iliyotoa amri, namba ya shauri, tarehe. Mistari michache ya herufi ndogo iliyobanwa katikati ya matangazo ya viwanja na alama za biashara. Nyuma ya kila tangazo kulikuwa na faili. Ndani ya faili kuna orodha ya mali, orodha ya wadai, viapo, na maswali ambayo mdaiwa aliulizwa akiwa amesimama mbele ya ofisa wa mahakama. Mimi nilianzia kwenye tangazo, nikaenda masijala kutafuta faili, na kama mchwa hawakunitangulia, nikakaa nalo. Nilitaka kujua nani alimkopesha nani, kwa dhamana gani, alipwe lini, na mnyororo ulikatikia wapi.

Nichukue faili moja. Ni la duka lililokuwa njiani kuelekea Kamuli, Busoga, katika miaka ya 1930 wakati bei ya pamba imeanguka dunia nzima. Mwenye duka simtaji, wajukuu wake wapo. Mali yake yote ilienea katika ukurasa mmoja uliopigwa taipu: mizani ya mezani, majora ya marikani ambayo mawili yametafunwa na panya, majembe, madebe ya mafuta ya taa, chumvi nusu gunia, baiskeli isiyo na mnyororo, na cherehani kimoja. Pembeni mwa neno cherehani ofisa ameandika kwa wino mwekundu: si cha mdaiwa. Kilikuwa cha fundi aliyeshonea watu barazani mwa duka. Dalali wa mahakama alikuwa amekwisha kukibeba pamoja na vitu vingine, na fundi ikambidi aende Jinja kuapa kwamba ni chake. Karatasi ya kiapo imo, na chini yake dole gumba la fundi kwa wino wa zambarau. Alirudishiwa cherehani chake. Kama kazi ingekuwa ya dalali na mdai mmoja aliyemtuma, sidhani kama kingeonekana tena.

Halafu kuna daftari. Maduka mengi ya wakati ule yaliandika hesabu kwa Kigujarati katika vitabu vyenye jalada jekundu, na mahakama ililipa mtu wa kutafsiri. Mimi sikuwa na fedha ya mtafsiri. Tarakimu za Kigujarati nilifundishwa na mzee mmoja mwenye duka la vitambaa Mbale, mji wa msomaji wangu, aliyekuwa akinikalisha nyuma ya meza yake mchana wateja wakipungua na kunisahihisha kwa rula. Katika daftari la duka la Kamuli kuna majina ya wakulima kurasa kwa kurasa: fulani jembe, fulani marikani yadi kadhaa, fulani chumvi. Wote wangelipa baada ya msimu wa pamba. Ukijumlisha, walichodaiwa wakulima kilizidi thamani ya kila kitu kilichokuwamo dukani. Mfilisi, yaani mtu aliyewekwa kukusanya mali ya mdaiwa na kuwagawia wadai, alipokadiria madeni hayo yatakusanywa kiasi gani, aliandika karibu na sifuri.

Hapo ndipo mnyororo unapoonekana. Mkulima alichukua jembe sasa kwa ahadi ya pamba ya Januari. Mwenye duka alichukua bidhaa kwa muuzaji wa jumla wa Jinja au Kampala. Huyo alidaiwa na kampuni ya Mombasa, na kampuni ya Mombasa ilikuwa imetia saini hati ya kuwalipa watu wa Bombay au Manchester baada ya siku 90. Benki zilisimama katikati: National Bank of India ilifungua tawi Entebbe mwaka 1906, Barclays ikaja 1927. Pamba ikishuka bei Liverpool, kilio kinaanzia Busoga. Mwenye duka hakuwa mlevi wala mwizi. Alikuwa pete moja tu katika mnyororo, na bahati mbaya pete yake ndiyo iliyokuwa nyembamba.

Na kuna madeni yaliyokua bila mtu kukopa hata senti. Kabla ya shilingi tulitumia rupia, na kwa miaka mingi rupia 15 zilikuwa pauni moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza madini ya fedha yalipanda bei, rupia nayo ikapanda, na mwaka 1920 wakubwa wa London wakaamua kwamba rupia iwe sawa na shilingi 2 za Uingereza, yaani rupia 10 kwa pauni. Aliyekuwa amekopa benki rupia 1,500 alikuwa akidaiwa pauni 100. Sasa akadaiwa pauni 150, na mazao yake bado yanauzwa kwa pauni huko Ulaya, na kwa bei inayoporomoka. Mwaka 1921 shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia, lakini madeni yalikuwa yamekwisha kuvimba. Ndugu yangu wa Mbale, kwa huyo mtu dawa ya deni ilikuwa nini? Alipe kwa nini?

Utaona nimetaja maduka ya Wahindi tu. Si kwa kupenda. Majina ya Waafrika ni machache mno katika karatasi hizo, na chuoni wanafunzi walikuwa wakidhani ni dalili kwamba wazee wetu walikuwa waangalifu. Sivyo. Kenya na Tanganyika zilikuwa na sheria zilizomzuia asiye Mwafrika kwenda mahakamani kudai mkopo aliompa Mwafrika, isipokuwa katika mipaka na masharti yaliyowekwa na serikali. Zilipitishwa kwa maneno ya kumlinda mwenyeji. Matokeo yake hakuna muuzaji wa jumla mwenye akili aliyempa mwenyeji bidhaa za kujaza duka. Mtu ambaye hakopesheki hafilisiki, na pia hafungui duka. Sehemu hii ningependa mtu mwingine aiandikie kitabu. Mimi nimeigusa juu juu tu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenifanya nishike kalamu. Msomaji anaiona sheria ya kufilisika kuwa mlango wa nyuma wa wakopaji, huruma iliyoletwa na wazungu wa mashirika ili watu wasilipe. Si yeye peke yake. Nimeyasikia hayo sokoni, msikitini na kwenye vikao vya SACCO. Nyaraka zinasema kinyume. Karibu kila mahali sheria hizi ziliombwa na wadai.

Sheria ya kwanza ya Uingereza ni ya miaka ya 1540, zama za mfalme Henry wa Nane. Haikumsamehe mdaiwa hata peni moja. Ilimwita mkosaji, na ikawapa wakubwa wa serikali uwezo wa kukamata mali yake na kuwagawia wadai wote, kila mmoja kwa kadiri ya deni lake. Mwaka 1571, zama za Elizabeth, ikabanwa iwahusu wafanyabiashara tu. Kwa nini wadai walitaka kugawana? Tazama mpaka wetu wa Malaba. Mfanyabiashara wa mahindi ana wadai sita. Mali yake ikiuzwa kwa utulivu, kila mmoja atapata nusu ya deni lake. Lakini mmoja anasikia fununu, anakuja usiku, anaondoka na lori. Wa pili anabeba magunia kabla mahindi hayajakauka na kuyauza bei ya kutupa. Wa tatu akifika asubuhi anakuta kufuli na mke wa mtu analia. Biashara iliyokuwa na pumzi imekufa ndani ya wiki, na wadai wanne hawana kitu. Kwa kuwa hakuna anayejua kama atakuwa wa kwanza au wa sita, wadai wenye busara hutaka kuwe na mtu wa kusimamisha mbio hizo. Mtu huyo ndiye mfilisi.

Msamaha ulikuja baadaye, mwaka 1705, na haukuletwa na huruma pia. Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, meli zinatekwa, matajiri wanaanguka. Mdaiwa aliyejua kwamba atanyang'anywa kila kitu na bado adaiwe hadi kufa hakuwa na sababu ya kusema kweli. Alificha mali au akavuka bahari. Bunge likamwekea njia mbili. Taja mali yako yote kwa kiapo, ushirikiane na wadai, nawe utasamehewa deni lililobaki na kuachiwa hadi asilimia 5 ya mali hiyo uanzie maisha. Ficha, unyongwe. Mwaka uliofuata wakaongeza kwamba msamaha uwe na idhini ya wadai wanne katika kila watano. Kitanzi kilibaki katika sheria hadi 1820 lakini walionyongwa ni wa kuhesabu kwa vidole. Mmoja wao, John Perrott, mfanyabiashara wa London, alinyongwa Smithfield mwaka 1761 kwa kuficha mali. Wadai walijifunza upesi kwamba kumpeleka mtu kwenye kamba hakurudishi fedha. Msamaha ndio uliozirudisha, kwa sababu ulimfanya mdaiwa afungue mdomo.

Wamarekani walichelewa, na historia yao ndiyo niliyopenda kuifundisha kuliko zote, maana wanafunzi walicheka. Katiba yao iliruhusu sheria ya kufilisika ya nchi nzima tangu mwanzo, lakini Bunge lao lilikuwa likiipitisha balaa likitokea na kuifuta balaa likipita. Ya mwaka 1800 ilifutwa 1803. Ya 1841, iliyofuata mtikisiko wa uchumi wa 1837, ilifutwa 1843. Ya 1867 ikafutwa 1878. Robert Morris, aliyetafuta fedha za vita vyao vya uhuru na kutia saini tangazo la uhuru wenyewe, alilala gerezani Philadelphia kwa madeni ya ardhi kuanzia 1798, na George Washington alikwenda kula naye chakula humo humo ndani. Alitoka 1801 kwa msaada wa sheria ile ya 1800. Ni sheria ya 1898 tu iliyodumu. Ukisoma nani waliipigania utakuta vyama vya wauzaji wa jumla wa miji mikubwa, watu waliouza bidhaa kwa mkopo katika majimbo ya mbali na kuchoka kukuta shemeji na jirani wa mwenye duka wamekwisha kugawana kila kitu kabla barua yao haijafika. Wadai, tena waliojipanga. Wakopaji walipata msamaha kama sehemu ya bei ya makubaliano.

Hayo nilianza kuyasoma Dar es Salaam, nilikokwenda kwa shahada ya pili katika miaka ya 1980. Walimu wa historia wa pale walikuwa moto. Walitufundisha kumtafuta mkulima na mfanyakazi katika kila karatasi. Mwenye duka aliyeanguka hakuwa na kambi. Kwa upande mmoja alikuwa mnyonyaji, kwa upande mwingine mzembe, na msimamizi wangu aliniuliza kwa upole kama sina mada nyingine. Baba yangu alikuwa karani wa stoo ya mizigo ya reli hapa Tororo. Nilikua nikimsikia akisoma kwa sauti anwani za makreti yaliyorudishwa Mombasa kwa sababu aliyeyaagiza hana tena duka. Sikuwa na mada nyingine.

Tuje nyumbani. Uingereza iliondoa sehemu kubwa ya kifungo cha deni mwaka 1869. Huku kwetu mkoloni alileta utaratibu wa mashauri ya madai uliotungwa kwa ajili ya India, na ndani yake kifungo cha madai kilikuwemo. Ndivyo gereza la Luzira lilivyopokea watu ambao hawakuiba wala kupiga mtu, wamewekwa ndani hadi miezi sita kwa kushindwa kulipa. Na mdai ndiye anayetakiwa kulipia posho ya mfungwa wake. Fikiria: unamdai mtu, unamfungia mahali asipoweza kutafuta hata shilingi, kisha unamlisha. Mwaka 1995 Uganda iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Wanasheria wameandika mengi juu ya vitu hivi viwili kukaa chumba kimoja. Mimi si mwanasheria. Nasema tu kwamba waliotuachia kifungo hicho walikuwa wamekwisha kukiacha kwao, na sababu zao za kukiacha zilikuwa za hesabu zaidi kuliko za utu.

Wakati huohuo tunayo sheria yetu wenyewe ya kufilisika, ya mwaka 2011, iliyoanza kazi Julai 2013 na kurekebishwa 2022. Ilichukua nafasi ya ile ya mkoloni ya miaka ya 1930. Chini yake mtu binafsi, si kampuni pekee, anaweza kuiomba mahakama imkinge kwa muda mfupi ili akae na wadai wake mbele ya msimamizi na kuafikiana mpango wa kulipa. Kama mpango hauwezekani na akatangazwa muflisi, yaani mtu aliyefilisika, mfilisi hagusi vifaa anavyofanyia kazi, wala nguo, matandiko na mahitaji ya lazima ya familia. Kuna Mfilisi Rasmi wa serikali katika ofisi ya usajili, URSB. Cheo hicho ni mjukuu wa kile alichokianzisha waziri Joseph Chamberlain huko Uingereza mwaka 1883, baada ya kuona kwamba wadai na mawakili wao wakiachiwa mali ya muflisi peke yao huitafuna. Gharama zipo. Aliyetangazwa muflisi na hajaachiliwa hawezi kugombea ubunge kwa mujibu wa kifungu cha 80 cha Katiba, na kila baada ya uchaguzi tunasoma habari za waheshimiwa walivyozama kwa wakopeshaji, kwa hiyo nadhani kuna watu Kampala wanaoifahamu sheria hii vizuri kuliko wanavyojionyesha.

Lakini sokoni hakuna anayeifahamu. Jirani yangu muuza samaki alikwenda kwa mkopeshaji mmoja, ambaye sitamtaja, akitafuta ada ya mtoto. Alipewa karatasi mbili za kutia saini. Moja ilikuwa ya mkopo. Ya pili, aliyoambiwa ni ya utaratibu tu, ilikuwa mkataba wa kumuuzia mkopeshaji kiwanja. Aliposhindwa mwezi wa tatu, hakufikishwa mahakamani kabisa. Kiwanja kilikuwa kimekwisha "kuuzwa" siku aliyopokea fedha. Alikuwa na wadai wengine wawili, mmoja wao chama cha akina mama wa soko, nao hawakuambulia kitu. Ndiyo mbio zile zile za lori la Malaba. Aliponijia nilimpeleka kwa wakili anayesaidia watu bure, na shauri linaendelea, kwa hiyo sisemi zaidi. Kukopa harusi, kulipa matanga, aliniambia. Nikamwambia hata matanga yana mpangilio wake, kuna mtu wa kusimamia.

Msomaji ataniuliza: sawa mama, lakini madeni ya marehemu yanatusaidia nini leo? Nimjibu kwa jambo alilolisikia redioni kama mimi. Mwaka 2018 na 2019 kamati ya Bunge, COSASE, ilichunguza jinsi Benki Kuu ilivyofunga benki saba: Teefe mwaka 1993, International Credit Bank 1998, Greenland na Cooperative 1999, National Bank of Commerce 2012, Global Trust 2014, na Crane 2016. Moja ya mambo yaliyoishangaza kamati ni karatasi. Orodha za mali zilizokabidhiwa, ripoti, miongozo ya kumpata mnunuzi: vingine havikuonekana, vingine havikuwahi kuandikwa. Duka la Kamuli lenye majembe na chumvi nusu gunia lilikuwa na orodha kamili yenye sahihi. Nilikuwa nikisikiliza vikao vile jikoni kwangu na kupigia redio kelele kama mwendawazimu. Mtu aliyewahi kukaa mwezi mmoja na mafaili ya ufilisi angejua kwamba swali la kwanza ni orodha ya mali ya siku ile ya kukabidhiwa; bila hiyo hakuna anayeweza kusema nani aliibiwa na nani.

Na tusisahau 1972. Amin aliwapa Waasia siku 90. Waliopewa maduka yao, tuliowaita mafuta mingi, walipata bidhaa rafuni na hawakupata kitu kingine. Watu wanasimulia hadi leo juu ya mwenye duka aliyeuza mashati kwa bei ya namba ya kola. Tunacheka, lakini kilichowaangusha hakikuwa kola. Mnyororo wa mkopo kutoka Mombasa hadi kijijini ulikuwa umekatwa: hakuna aliyemdai mwenzake, hakuna aliyemwamini mwenzake, na rafu zilipokwisha hapakuwa na wa kuzijaza. Nilipotafuta kesi za kufilisika za wakati huo sikuona nilichozoea kuona katika mafaili ya zamani. Mwanzoni nilidhani karatasi zimepotea. Sehemu zimepotea, ndiyo. Lakini palipokosekana mkopo, hata kufilisika kwa mpangilio hakukuwa na nafasi. Watu walifunga milango tu na kuondoka.

Mwaka 2022 mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya sayansi alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na wa historia akabaki alipokuwa. Sina ugomvi na walimu wa fizikia. Binti yangu ni mmoja wao, na ndiye anayenunua mbolea ya mahindi niliyoyataja. Ila msomaji wa Mbale aelewe kwamba alichokitaka kimekwisha kufanyika, hahitaji kuandika barua. Chuo nilichofundisha hakijatangaza nafasi yangu tangu niondoke. Kozi yenyewe imeondolewa kwenye orodha. Vijana wawili waliokuwa wameanza kusoma mafaili ya Jinja pamoja nami, mmoja anauza vipuri vya pikipiki na mwingine yuko Qatar.

Kadi zangu zipo: kila tangazo la kufilisika nililolinakili kutoka Gazeti la Serikali, limepangwa kwa mwaka, mji na aina ya biashara, na nyuma ya kila kadi nimeandika kama faili lake nililiona, liko masijala gani na lilikuwa katika hali gani. Zimejaza makreti ya soda chini ya kitanda cha wageni, na mpwa wangu amekwisha kuziingiza nyingi kwenye kompyuta. Hifadhi ya nyaraka ya taifa pale Wandegeya, au mahakama yoyote, au mwanafunzi yeyote anayezihitaji, achukue anwani yangu kwa mhariri. Aje siku za kazi, maana Jumamosi niko sokoni, na aje na mtu wa kumsaidia kubeba. Ndugu yangu wa Mbale naye anakaribishwa. Mji wake una kadi nyingi.

Mhadhiri mstaafu wa historia ya uchumi,
Tororo
(Jina na anwani anavyo mhariri)